Karatasi za Chini ya Vikombe

Watu wakiniuliza binti yangu anafanya kazi gani, huwa nachoka kabla sijafungua mdomo. Jirani yangu, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, aliniuliza juzi, tena kwa mara ya nne.

"Anatengeneza kompyuta?"

"Hapana."

"Anauza?"

"Hapana."

"Anafundisha watu kuzitumia?"

"Hapana, mwenzangu."

"Sasa anafanya nini huko anakokwenda kila siku na begi mgongoni?"

"Anapanga ripoti za programu zilizoanguka."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wangu wanataga mawe. "Kwani zikianguka zinavunjika?" Nikabeba ndoo yangu nikaingia ndani.

Kwa hiyo naandika hapa mara moja tu, na atakayeuliza tena nitampa asome, miwani yake aje nayo.

Huyu binti ni kitinda mimba wangu, mtoto wa tano, na ndiye aliyerithi shingo yangu ngumu. Wale wanne waliomtangulia ukiwaambia kaa, wanakaa. Huyu ukimwambia kaa, anauliza kwanza kiti kina miguu mingapi. Alipokuwa na miaka saba tulikuwa na redio ambayo ilikuwa inakufa inavyotaka yenyewe. Marehemu baba yake dawa yake ilikuwa moja: kuipiga kofi. Mtoto yeye akaokota kipande cha mkaa, akaenda nyuma ya mlango, na kila redio ilipokufa alichora alama ukutani. Duara kama redio ilikuwa mezani, kisanduku kama ilikuwa juu ya kabati, kijistari pembeni kama dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilijua hayo? Sikujua. Niliona ukuta mchafu. Na mimi nimekuwa dobi tangu ujana wangu, siwezi kuona doa nikalala. Nilimchapa viwili, nikakoroga chokaa, nikaupaka ukuta ukawa mweupe pe.

Mtoto alilia, lakini si kwa ajili ya fimbo. "Mama, umezifuta zote! Nilikuwa nimebakiza kidogo nijue!"

"Utajua nini? Nenda kanawe mikono."

Akaanza upya kwenye daftari. Ilimchukua mwezi mzima na zaidi. Siku moja akamwendea baba yake akamwambia, "Inakufa ikiwa juu ya kabati tu, na dirisha likiwa wazi. Pazia linasukuma waya." Baba yake akaushika ule waya, akaupindapinda. Kweli, ndani ulikuwa umekatika. Basi huyo ndiye binti yangu, na hadi leo hajabadilika isipokuwa amerefuka.

Sasa hiyo kazi yake. Wewe una programu kwenye simu yako. Unaitumia vizuri, mara inajifunga yenyewe, uso mweusi, ulichokuwa unaandika kimepotea. Hapo ndipo wao wanasema imeanguka. Kabla haijafa inaandika ripoti: siku gani, saa ngapi, simu ya aina gani, ukurasa gani ulikuwa wazi, na hatua zote ilizopita, moja chini ya nyingine, mpaka hatua iliyojikwaa. Ripoti hizo zinafika ofisini kwao kwa maelfu. Ukizitupa zote kwenye gunia moja huwezi kuuliza kitu gunia likakujibu. Lazima zipangwe kwenye jedwali, kila jambo na safu yake, siku upande wake, aina ya simu upande wake, hatua upande wake, ili mtu akiuliza ni ngapi zilianguka Jumanne kwenye hatua fulani, jibu litoke hapo hapo. Kulipanga jedwali hilo ndiyo kazi ya binti yangu.

Aliponieleza mara ya kwanza nilielewa kabla hajamaliza, naye akashangaa. Anashangaa nini? Mimi nimesimama miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya kupokelea nguo chafu, chumba cha kufulia cha hospitali. Shule sikukaa nayo. Kusoma kwangu nilikupata kwenye vibandiko vya mashuka: Wodi 1, Wodi 2, tarehe, saa. Kwa tarakimu hunidanganyi. Maneno nayo yalikuja pole pole.

Na pale mezani tulikuwa na desturi yetu. Dobi Mkuu, mama mmoja mnene asiyecheka, alitufundisha hivi: shuka iliyochanika haiendi kwenye maji kabla haijatiwa uzi pembeni. Uzi mwekundu kama imechanwa na mashine yetu. Uzi wa bluu kama imechanwa na kitanda. Na kama hujui imechanwa na nini, usibuni, usiitupe, usione aibu. Tia uzi mweusi. Wageni walikuwa wanaona upuuzi. Mwaka mmoja nyuzi nyeusi zikafika arobaini. Dobi Mkuu akayatoa mashuka yote arobaini, akayatandaza uani siku moja, na mwenye macho akaona: mpasuko wa kila shuka uko upande mmoja, shubiri moja kutoka kwenye pindo. Tukaenda kukagua vitoroli. Kitoroli cha Wodi 6 kilikuwa na msumari umechomoza. Kama tungekuwa tumeyafanya matambara, msumari ule ungekuwepo hadi leo.

Nimelisema hilo makusudi. Likumbuke.

Sasa ofisini kwa binti yangu kuna mkuu wake, mwanamume mrefu kama nguzo ya umeme, lakini wenyewe wanamwita Bwana Ufupi. Ukimpelekea jambo lolote anasema, "Nipe kwa ufupi." Nasikia hata mkewe alipojifungua alipigiwa simu akasema, nipe kwa ufupi. Huyo ndiye aliyetengeneza jedwali la kwanza la ripoti, nalo lilikuwa na safu tatu tu: siku, mstari wa kwanza wa ripoti, na idadi. Mengine yote yalikuwa yanatupwa. Ripoti ikifika na mstari wa kwanza unaofanana na wa nyingine, wanaongeza moja kwenye idadi, na ripoti yenyewe inakwenda na maji.

Binti yangu alipigana naye miezi, anataka jedwali la safu kumi na mbili. Anarudi nyumbani anatupa begi, hasalimii. "Mama, ni kama mtu anahesabu wagonjwa na kutupa majina ya magonjwa! Anasema safu zikizidi, ghala linajaa."

"Umemwambia hivyo hivyo?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Nimpe kwa ufupi."

Mambo yakachacha pale hospitali, hospitali yangu mimi, ilipoanza kutumia programu ya ofisi yao kuandikishia wazazi na watoto wachanga. Manesi walipewa vishikwambi, zile simu pana kama sinia. Wodi 4, wodi ya wazazi, programu ikawa inaanguka karibu kila siku. Mkuu wa wodi hiyo namjua. Alikuja pale akiwa mwanafunzi, analeta mashuka mezani kwangu huku anatetemeka, na mimi bado namwita Sista Mdogo ingawa sasa ana mvi. Alilalamika mpaka Bwana Ufupi akapata joto. Akamwita binti yangu akamwambia: chukua wiki moja, ripoti za hospitali hiyo zihifadhiwe nzima nzima kama unavyotaka. Jumatatu saa nne uniambie ni nini kinachoiangusha Wodi 4. Ukishindwa, jedwali lako la safu kumi na mbili tunalifuta, na wewe unahamia dawati la kupokea simu za wateja.

Kupokea simu si kazi mbaya. Lakini mtoto aliyeandika kwenye ukuta akiwa na miaka saba ukimweka kwenye simu aseme "tafadhali subiri" kutwa nzima, umemzika.

Kwa hiyo Ijumaa jioni akaja na bahasha kubwa. Ripoti za wiki zilikuwa kwenye hifadhi ya muda ambayo inajifuta Ijumaa hiyo hiyo, na kwenye kompyuta ya nyumbani hawaruhusiwi kuzinakili. Basi alikuwa amezichapa zote kwenye karatasi. Juu ya bahasha ameandika kwa kalamu nyekundu: 212.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akatandaza mkeka sebuleni, akasogeza meza ukutani, akaanza kupanga. Mimi nimekaa kwenye kiti changu nachambua vifungo, kimya, sijamwingilia. Akapanga, akapanga. Mbele yake kukawa na lundo moja kubwa kama mto wa kulalia, na kando karatasi moja moja zimetawanyika kama arobaini hivi. Zilizobaki bado ziko juu ya kochi. Akashika kichwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama."

"Hakuna ndiyo umeshika kichwa?"

Akapumua. "Hili lundo lote mstari wa kwanza ni mmoja. Unasema kilichoitwa hakipo. Na hizi nyingine kila moja inasema lake. Sipati kitu. Ama zote ni ugonjwa mmoja, ama kila moja ina ugonjwa wake. Haiwezekani."

Nikaweka vifungo chini. "Mtu akiteleza kwenye sabuni akaanguka, anapiga kelele gani?"

"Mama, sina muda wa vitendawili."

"Jibu."

"Anasema mamaaa."

"Aliyejikwaa kizingitini?"

"Mamaaa."

"Aliyesukumwa na mwenzake kwenye ngazi?"

Akaligeukia lundo.

"Basi wewe umewakusanya wote kwenye lundo la mamaaa. Umepanga kelele. Angalia mguu ulipojikwaa."

"Na hizi arobaini?"

Nikainama nikaziangalia. Mstari wa kwanza ulikuwa na tarakimu ndani yake. "Hizi tarakimu ni za nini?"

"Namba ya mgonjwa aliyekuwa anaandikishwa."

"Shuka ya kitanda cha tatu na shuka ya kitanda cha tisa zimechanwa na msumari mmoja. Namba ya kitanda inakuhusu nini? Iweke kwenye safu yake ikae huko, usiipangie."

Hapo nilikuwa nimesema kweli, na ningenyamaza ningekuwa mshindi. Lakini mimi ni mimi. Nikaendelea: sisi tulipanga hivi, sisi tulifanya vile, Dobi Mkuu angekuona angekuvua aproni. Mtoto akasimama.

"Mama, hizi si shuka! Hizi si shuka, na mimi si dobi! Kesho kutwa naondolewa kazini kwangu na wewe unaniambia habari za vitanda!"

"Huondolewi. Unahamishwa."

"Natoka nikapate hewa."

Mlango ukapigwa mpaka picha ya baba yake ikakaa upande.

Damu ilinichemka, sitadanganya. Si dobi, ati. Ada za shule zililipwa na nani? Nikajisemea, nitamwonyesha. Nikavuta mkeka karibu na dirisha, nikazikusanya karatasi zote, za mkekani na za kochini. Yale maneno ya kigeni mimi siyasomi. Lakini hatua zimeandikwa moja chini ya nyingine, na ukiziangalia kwa mbali kidogo zina sura, kama mishono. Hii mrefu, mfupi, mfupi, mrefu wenye mkia. Hii mfupi, mrefu, mrefu, mfupi. Nikafunika mstari wa kwanza kwa rula, nikaruka tarakimu, nikapanga kwa mshono.

Katikati ya kazi nikakuta karatasi nyingine karibu tupu. Zina mistari miwili juu, basi, chini nyeupe. Nikajua: printa. Printa yao inakula karatasi kama mbuzi, yeye mwenyewe husema. Nikazitoa moja moja nikaziweka pembeni. Karatasi nzuri, safi, ngumu. Na kabati langu la vikombe lilikuwa linahitaji matandiko mapya, yale magazeti ya zamani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Nikatoa vikombe, nikapangusa rafu, nikatandika zile karatasi mbili mbili na tatu tatu, maandishi yakiangalia chini, nikarudisha vikombe. Kabati likapendeza. Nikarudi kwenye mkeka nikamaliza kazi yangu.

Binti aliporudi alikuta malundo saba, kila lundo nimelibana kwa kibanio cha nguo. Akapiga magoti. Akachukua lundo la kwanza akasoma, la pili akasoma. Akaanza kucheka peke yake.

"Mama. Hili lote ni kosa moja, mtu akibonyeza mara mbili. Hili ni tarehe ya kuzaliwa ikiachwa wazi. Hili... Mama, nani kakufundisha?"

"Shuka," nikamjibu. Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Wacha nikwambie, chai ile ilikuwa tamu.

Utamu wenyewe haukufika mbali. Jumapili asubuhi Sista Mdogo alinipigia, nikampa binti simu, sauti ya nesi naisikia mpaka nilipokaa. "Mwanangu, mimi sitaki lugha. Inaanguka saa moja asubuhi zamu zinapobadilishana, wazazi wamepanga foleni na watoto mikononi. Mchana haina neno. Kesho isipojulikana, narudi kwenye daftari langu, na vishikwambi vyenu nawawekea kwenye boksi."

Binti akarudi kwenye malundo saba. Akatafuta Wodi 4, saa moja asubuhi. Lundo la kwanza hakuna. La tatu, Wodi 4 ipo, lakini ni saa tisa mchana. La saba hakuna. Akaanza upya. Jasho likamtoka puani. Halafu akaketi akahesabu karatasi, moja moja, midomo inacheza. Akaangalia bahasha.

"Mama, hapa ziko mia na themanini na moja."

"Ee."

"Nilileta mia mbili na kumi na mbili."

Sasa hapo. Karatasi zilikuwa thelathini na moja, sikuhitaji kuhesabu. Lakini nilijiambia, zile zilikuwa tupu, zile ni uchafu wa printa, hazihusiki. Na nilikuwa bado naonja ile chai ya jana. Nikasema, macho yangu kwenye vifungo: "Labda ulihesabu vibaya. Ijumaa ulikuwa umechoka."

Akaniangalia. Akahesabu tena. Mia na themanini na moja.

"Sijawahi kukosea kuhesabu," akasema pole pole. Baadaye kidogo: "Labda nimekosea. Labda Bwana Ufupi ana haki. Nimepewa wiki nzima, nimeshindwa hata kuhesabu karatasi. Mtu kama mimi ataambiwa apange nini?"

Akaingia chumbani kwake akajilaza, mikono juu ya macho. Mtoto ambaye hata nilipomchapa kwa sababu ya ukuta hakusema amekosea.

Nilikaa. Nikajaribu kuhesabu vifungo, hesabu ikanipotea mara tatu. Nikainuka nikamtengenezee chai angalau. Nikafungua kabati, nikashika kikombe chake cha maua, nacho kilikuwa na maji chini kikainuka na karatasi imenata. Karatasi ikageuka. Nikaona tarakimu.

Kwa tarakimu hunidanganyi, nilisema. Kompyuta zao huandika saba pale tunaposema saa moja. Karatasi ile ilisema 4, halafu 07:02. Nikatoa kikombe cha pili. 4, na 07:05. Cha tatu. 4, na 07:01. Nikatoa vikombe vyote, sahani, birika la wageni, nikazigeuza karatasi zote thelathini na moja juu ya meza ya jikoni. Zote Wodi 4. Zote saa moja asubuhi. Zote zina mistari miwili na chini nyeupe.

Nilisimama pale nimeshika bakuli la sukari. Dobi Mkuu angekuwa hai angenivua aproni mimi. Kitu ambacho hujui kimechanwa na nini, usibuni, usikitupe. Mimi, mwenye kuwaambia watu. Nilibuni printa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halikupasuka hata tofali. Ikabidi niende kwa miguu yangu mpaka mlangoni kwake, karatasi nimezibeba mikononi, nyingine zina alama za duara za vikombe.

"Mwanangu."

"Nipumzike kidogo, Mama."

"Hukukosea kuhesabu."

Akaondoa mikono machoni. Akaziona. Akaketi kitandani, akazipokea, akapitia moja, mbili, tano.

"Zilikuwa wapi?"

"Chini ya vikombe."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na asubuhi nilipokuuliza?"

Nikaifuta karatasi ya juu kwa khanga. Kuna swali gani la kujibu hapo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo tu: "Mama, umepaka chokaa tena."

Miaka ishirini na tano imepita tangu ukuta ule. Nilikuwa nadhani ameshausahau.

"Nimepaka," nikasema. "Nilidhani ni tupu. Haya, nitukane baadaye, nitakaa hapa hapa. Kwanza niambie kwa nini zimekatika."

Akazitandaza kitandani, mimi upande huu, yeye upande ule. Kila karatasi mstari wa pili umekatika katikati ya neno, nyingine mbele kidogo, nyingine nyuma kidogo. "Ningeziona mimi mwenyewe," akasema bado ana hasira, "ningezitupa pia, labda. Hazina hatua. Hazina hata mstari wa kelele. Kwenye jedwali la Bwana Ufupi haziingii kabisa, hazina pa kuandikwa."

"Mtu akiandika barua ikaishia katikati ya neno, ni kwa nini?"

"Amekatizwa."

"Zote thelathini na moja, kila siku saa moja asubuhi, kuna mtu anakuja kuzikatiza?"

"Au karatasi imemwi..." Akasimama. "Karatasi imemwishia."

Alinipita mlangoni nusura aniangushe, anatafuta simu. "Sista, shikamoo, samahani, uko wodini? Hebu fungua kishikwambi kimoja, sehemu ya mipangilio. Angalia nafasi iliyobaki. Nafasi. Imeandikwaje?" Akasubiri. Akafumba macho. "Na cha pili?"

Vyote vilikuwa vimejaa mpaka mdomoni. Wodi 4 wanapiga picha kila kadi ya mtoto, na programu ilikuwa inaziweka zote, haifuti hata moja. Saa moja asubuhi inajaribu kuweka nakala ya picha za jana, haina pa kuiweka, inaanguka. Inajaribu kuandika ripoti ya kuanguka kwake, nayo haina pa kuiandika, inaishia katikati ya neno. Ule utupu ndio uliokuwa ripoti yenyewe.

Jumatatu alikwenda na bahasha. Mimi nilibaki nyumbani, nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jioni akarudi, akatupa begi, hakusalimia. Nikajua.

"Wamekuhamisha?"

"Hawajanihamisha."

"Sasa mbona umenuna?"

Akavua viatu kwanza. Asubuhi alikuwa amesimama mbele ya Bwana Ufupi na wenzake wote. Bwana Ufupi akaziangalia zile karatasi zenye alama za vikombe akauliza kama wanafanya kazi hotelini. Halafu akasema, kama kawaida yake, nipe kwa ufupi.

"Nikamwambia, kimejaa."

"Basi?"

"Basi. Akawapigia hospitali palepale, wakafuta picha za zamani. Sista atapata programu iliyorekebishwa wiki hii."

"Si umeshinda?"

"Sikiliza, Mama. Kisha akaniambia, sasa kama jibu ni neno moja, safu kumi na mbili za nini?"

Nilikaa chini. Kuna watu ukiwachotea maji wanakuuliza kisima cha nini.

Jedwali amemwachia. Hiyo lazima niiseme. Dawati lake ni lile lile, kando ya dirisha, na simu za wateja zinapokelewa na mwingine. Ila barua ya kwenda hospitali imesainiwa Bwana Ufupi peke yake, na binti ameongeza safu ya kumi na tatu, ya ripoti zilizofika zimekatika, na Bwana Ufupi kila Alhamisi anauliza kama safu ile inaweza kuondolewa kwa sababu kwa siku nyingi inakaa haina kitu. Safu hiyo inaitwa Uzi Mweusi. Ameuliza pia hilo jina ni la nini. Binti amemwambia ni neno la kitaalamu.

Nilimwambia Jumatatu ile ile: nipe gauni langu la kijani, naenda ofisini kwao mimi mwenyewe, nimweleze huyo nguzo kwa urefu.

"Mama, kaa."

"Nitamweleza habari ya kitoroli cha Wodi 6 tu."

"Mama, tafadhali. Kaa."

Nilikaa, lakini kwa hasira. Na kwa upande wangu hajanisamehe vizuri, naona. Ananiletea chai, anacheka na mimi, ila akitoka asubuhi karatasi zake anazifungia kabatini na ufunguo anaondoka nao. Anifungie mimi, mama yake, ndani ya nyumba yangu. Sijasema neno. Rafu ya vikombe iko wazi, mbao tupu, kila kikombe kikikaa kinagonga, na jirani ameniuliza siku hizi mbona jikoni kwangu kuna kelele.

Jana karatasi moja ilianguka kutoka kwenye begi lake alipokuwa anavaa viatu. Nyeupe, pande zote mbili. Nikaiokota, nikaipeleka kwenye mwanga, nikaigeuza, nikamuuliza, "Na hii?"

"Hiyo ni karatasi tupu, Mama. Tupu kweli."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaondoka. Nimeiweka kwenye droo ya vifungo, na nimetia uzi.